Mama Futi arusha kiti alichomtengenezea mama yake

Saa tatu asubuhi, kigoda kinapaa hewani. Kimetoka mikononi mwa msichana aliyekichonga mwenyewe, kutoka juu ya baraza ya karakana inayomfika mtu mzima kiunoni, na kinatua kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo kinachowafukuza njiwa paani. Mwandishi wa makala haya anajikuta amepiga ukelele: "Jamani!"

Hakuna anayemjali. Wanafunzi wa useremala wamesimama nusu duara, kama watu walioko msibani. Mwalimu wao anapiga magoti, anakigeuza kigoda miguu juu, na kuanza kuchomeka kipande cha karatasi kwenye kila kiungo. Kwenye mguu wa tatu, karatasi inapenya.

"Kimefunguka," anasema.

Pembeni amesimama mpishi wa chuo na toroli yake. Anasogea, anakipokea kigoda kwa adabu zote, anakilaza ndani ya toroli. Maharage ya mchana wa leo yataivia kwa kuni zake.

Msichana anafuta machozi kwa kiganja chenye ukoko wa gundi. Wenzake humwita Gundi, maana hupaka gundi kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate.

"Anayefuata!" anaita mwalimu.

Anayefuata ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni. Amekumbatia kiti kirefu chenye mikono mipana, kilichopigwa msasa hadi kinang'aa. Anapanda ngazi za baraza taratibu, kama aliyebeba mtoto aliyelala.

"Na hicho nacho?" mwandishi anauliza, macho yakimtoka.

"Hicho nacho," anajibu Gundi kwa kwikwi. "Na hicho amemtengenezea mama yake."

Zoezi hili wanaliita hukumu. Katika chuo hiki, kila samani inayobuniwa na kutengenezwa na mwanafunzi lazima irushwe na mwanafunzi huyohuyo, mbele ya wenzake, kabla haijapewa alama. Kiungo kikifunguka, kazi ya wiki nyingi inaishia jikoni.

"Mwalimu, huu ni ukatili," mwandishi anamwambia.

"Ndiyo," anajibu mwalimu bila kupepesa macho. "Bora ukatili wangu hapa kuliko mtu avunjike kiuno nyumbani kwake. Sakafu haina upendeleo. Mimi ninao, ndiyo maana sijiamini."

Mwalimu huyu wanafunzi wamempa jina la Msasa. Wanasema ukipita mikononi mwake unatoka umelainika, lakini umepungua.

Sheria yake nyingine ni ya upole zaidi. Hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuchora samani kabla hajamchora mtu atakayeitumia. Mtu kwanza, mbao baadaye. Ndiyo maana karakana imejaa vitu visivyoonekana madukani. Kuna meza ya fundi saa yenye ukingo pande zote ili skrubu zisidondoke. Kuna kitanda cha ndugu wawili wasioelewana, chenye ubao katikati. Mwandishi alidhani ni mzaha mpaka akaonyeshwa alama za meno kwenye mkono wa mmoja wa ndugu hao, ambaye ndiye aliyekibuni.

Na kuna kiti kimoja kilichotundikwa ukutani, juu kabisa, mahali ambapo hakuna anayeweza kukikalia. Ni kizuri kuliko vyote. Tutarudi kwake.

Mwenye futi shingoni anaitwa Mama Futi. Kabla ya kushika patasi alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka ishirini, akishona sare za shule na magauni ya sherehe. Kisha shule zikaanza kununua sare zilizoshonwa tayari. Wateja wake, waliokuwa kumi hivi kwa wiki, wakabaki mmoja au wawili.

"Tena wanaleta zipu tu," anasimulia baadaye, karakanani. "Na zipu hailishi mtu. Siku moja meza ya cherehani ikavunjika mguu, nikaileta hapa itengenezwe. Nikawakuta watoto wanaranda mbao. Ile harufu! Nikakaa juu ya maranda kuangalia, nikasahau hata kilichonileta."

Alipokwenda kujiandikisha, karani alimuuliza jina la mwanawe.

"Nikamwambia mwanafunzi ni mimi. Akanitazama, akatazama mlangoni, akanitazama tena. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia."

Mumewe, fundi wa kupaka rangi, alicheka kwa siku mbili. Siku ya tatu akamnunulia koti la kazi. Mitaani wakasema mama huyu amechanganyikiwa. Naye akawajibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na mwana huyo ni mfuko wake.

Mazoea ya ushonaji yalimponza mapema. Kiungo cha kiti au meza hushikana kwa ulimi, yaani ncha ya mbao inayochongwa iingie ndani ya tundu la mbao nyingine. Mama Futi alipochonga meza yake ya kwanza, aliacha nafasi kidogo kila tundu. Aliacha akiba, kama anavyoacha akiba ya kitambaa kwenye mshono ili mteja akinenepa nguo ifumuliwe na kupanuliwa.

"Mwalimu akaniuliza, mama, hii meza unatarajia inenepe lini?" Anacheka hadi miwani inashuka puani. "Ile meza ilicheza ngoma hata kabla ya kurushwa. Mpishi alinishukuru sana."

Kosa hilo lilikuwa la kuchekesha. Lililofuata halikuchekesha mtu.

Mama yake Mama Futi amepita miaka themanini. Maisha yake yote alikuwa muuza mboga wa kutembeza, nyumba kwa nyumba, kapu kichwani. Magoti yamegoma sasa, lakini kwa namna ya ajabu: akishasimama, anatembea na mkongojo wake bila shida. Kinachomshinda ni kuinuka. Akikaa, amekaa mpaka aje mtu amshike kwapani na kumvuta juu.

"Mama yangu hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani," anasema Mama Futi. "Sasa anaomba kuinuliwa aende chooni. Mlango wa chumba chake haufungwi, mchana wala usiku, maana nikiufunga sitasikia akiita. Unajua mtu mzima kuishi mlango wazi? Watoto wanapita, mkwe anapita, wageni wanapita."

Kwa hiyo mwalimu aliposema mtu kwanza, hakuhitaji kufikiri. Alikwenda nyumbani, akamkalisha mama yake kitandani, akampima kwa futi yake: mgongo, mapaja, mabega, viwiko. Akamtengenezea kiti cha chini, kipana, chenye kina, na chini yake mbele akaweka mbao nene ya kuunganisha miguu miwili ya mbele ili kiti kisiyumbe. Siku ya hukumu alikirusha. Karatasi haikuingia hata kiungo kimoja. Msasa alimpa alama ya juu kuliko zote mwaka ule, na wanafunzi wakambeba Mama Futi juujuu.

Kiti kikapelekwa nyumbani. Mama mzee akakikalia, akaegemea, akasema kimemkaa kama gauni. Mama Futi akarudi karakanani akitembea kama bibi harusi.

Anashika futi yake kwa mikono miwili.

"Mchana ule mama alitaka kwenda haja. Hakuita. Alisema moyoni, sasa nina kiti changu, nitainuka mwenyewe. Akajaribu kurudisha miguu nyuma ajisukume, kisigino kikagonga ile mbao ya mbele. Akaenda na uso. Akavunjika mkono, hapa, kifundoni."

Mwandishi alishika mdomo.

"Subiri, sijamaliza," anasema. "Nyumbani alikuwepo mume wangu peke yake, anachanganya rangi uani. Alisikia kishindo. Akamkuta mama mkwe wake chini, amejiharibia nguo. Ilibidi amwinue yeye, amsafishe yeye. Angefanya nini? Mama alijifunika shuka mpaka usoni, hakusema na mtu mpaka kesho yake. Na mume wangu alikwenda kukaa barabarani, analia kama mtoto."

Gundi, aliyekuwa akisikiliza karibu, amegeukia ukuta.

"Kiti nilikirusha, hakikuvunjika," anamalizia Mama Futi. "Mama yangu ndiye aliyevunjika."

Ndicho kile kilichotundikwa ukutani. Msasa alipopata habari alikaa juu ya benchi, akavua miwani, na hakufundisha siku ile. Alikileta kiti mwenyewe, akakitundika kwa mikono yake.

"Nilipima kiti nikasahau mtu, mimi niliyeandika ile sheria," anasema mwalimu. "Tangu siku ile, ukivuka hukumu ya sakafu, bado hujafaulu. Tunakwenda nyumbani, na yule uliyemtengenezea anakikalia mbele yetu. Asipoweza kukitumia, umefeli."

Kosa lenyewe lilikuwa la kishonaji. Mama Futi alilijua pale mama yake, mkono ukiwa kwenye plasta, alipofungua mdomo hatimaye. Hakulia wala kulaumu. Alisema, "Miguu yangu ilitaka kurudi nyuma, mwanangu. Wewe umeizibia njia."

"Nilimpima kama mtu wa kushonewa nguo!" anasema, akijipiga paji la uso. "Ametulia. Nguo unakaa nayo. Kiti utakiacha, utainuka. Sikumpima akiinuka."

Tangu hapo alianza kuwatazama watu wakiinuka. Kwenye benchi za hospitali, vituoni, kwenye ibada. Mumewe anasema ilifika mahali wageni wakiaga, mkewe anachuchumaa kuwatazama visigino. Aligundua kwamba kila anayeinuka huvuta miguu nyuma kwanza, kisha hupeleka pua mbele ya magoti, kisha ndipo husukuma kwa mikono.

Kiti kipya, basi, ni kirefu zaidi. Mikono yake imetokeza mbele kupita ukingo wa kikalio, ipate kushikwa mpaka dakika ya mwisho. Na mbele chini hakuna mbao. Ile ya kuunganisha ameirudisha nyuma, katikati ya mbao mbili za pembeni zinazounganisha miguu ya mbele na ya nyuma, visigino vipate pa kuingia.

Msasa hakuipenda michoro hiyo. "Nilimwambia, mama, miguu ya mbele itatanuka siku ya kurushwa. Nilimwomba aweke hata mbao nyembamba. Akasema kisigino cha mama yake hakijui nyembamba wala nene. Nikamwambia sawa, lakini sakafu ni ileile na mpishi ni yuleyule."

Kuna jambo lingine lililomfanya mwalimu akune kichwa. Mbao za kiti hiki zimetoka kwenye meza ya cherehani, ileile iliyomleta chuoni. Mama Futi aliipasua mwenyewe. Kikifunguka leo, hakuna meza nyingine ya kupasua, na cherehani yenyewe sasa imekaa sakafuni, imefunikwa gunia.

Tumrudie barazani.

Amekiinua kiti mpaka usawa wa kifua. Mpishi ameshika vishikio vya toroli lakini anatazama chini, hata yeye hana hamu. Mwandishi amekwisha kuweka kalamu mfukoni.

"Mama, ukiwa tayari," anasema Msasa kwa upole usio wake.

"Mtu hawi tayari kwa haya," anajibu Mama Futi, na kukiachia.

Kiti kinatua kwa miguu ya mbele, hasa pale mwalimu alipopaogopa. Kinaruka, kinageuka, kinaanguka kifudifudi. Gundi amejiziba masikio. Msasa anapiga magoti na karatasi yake. Mguu wa kwanza, wa pili. Anapita viungo vyote, anarudia vya mbele, anapuliza vumbi, anajaribu tena.

Karatasi haiingii.

Kelele zinaanza, lakini Msasa anainua mkono. "Rudia."

Umati unaguna. Hajawahi mtu kuambiwa arudie. "Mbele kina mbao moja pungufu," anasema mwalimu, na ni dhahiri yeye mwenyewe anaumia. "Na atakayekikalia ni mama wa mtu, aliyekwisha kuanguka. Rudia, tafadhali."

Mwandishi alitarajia machozi au matusi, na angeyaelewa yote mawili. Mama Futi alishuka, akaokota kiti chake, akapanda tena ngazi. Hakukiachia safari hii. Alikirusha kwa nguvu zote, kwa hasira, kama anayemrushia mtu aliyemkosea. Kilipiga sakafu kwa kishindo. Pembe moja ya mgongo ilimeguka, kipande cha ukubwa wa ukucha kikaruka mpaka miguuni mwa mpishi.

Karatasi ikazunguka tena. Msasa alisimama, akajipangusa magoti.

"Mpishi," alisema, "rudi jikoni."

Chuo kizima kililipuka. Mama Futi alikaa chini kwenye maranda. Alikuwa anatafuta kile kipande kilichomeguka, akakipata, akakitia mfukoni.

Mchana huohuo tunakwenda nyumbani kwake: mwalimu, mwandishi, Mama Futi, na mumewe aliyekisubiri kiti kwenye geti la chuo na kukibeba kichwani. Ni nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mama mzee ni cha kwanza kushoto, na kweli mlango wake uko wazi, umezuiwa kwa tofali ambalo limekaa hapo siku nyingi, maana limeacha alama sakafuni.

Mama mzee ameketi kitandani. Kifundo cha mkono kilipona, lakini kilipona kombo. Anakitazama kiti, kisha anatutazama sisi.

"Hiki nacho kitanirusha?" anauliza.

"Hiki tumekirusha sisi kwanza, mama," anajibu Msasa. "Mara mbili."

"Mmefanya vizuri. Mtoto mjeuri huadhibiwa kabla hajaletwa mbele za watu."

Binti yake anamwinua kutoka kitandani, kwa namna ileile ya siku zote, kwapani, na kumkalisha kitini. Mkwe anajitoa haraka, anasimama nje ya mlango, anatazama pembeni kwa heshima. Mama mzee anapapasa mikono ya kiti. Anatikisa makalio kuhakikisha. Kisha anatulia kabisa.

"Mnanitazama kama mpira wa miguu," anasema.

Anavuta miguu nyuma. Visigino vinaingia chini ya kiti, haviguswi na kitu. Pua inakwenda mbele. Mikono inasukuma. Makalio yanapanda kidogo, yanaganda hapo yakitetemeka, halafu anarudi chini kwa kishindo.

Mama Futi anaruka kumshika. Msasa anamdaka mkono. "Usimguse. Ukimgusa, kiti kimefeli."

"Ataanguka, mwalimu!"

"Mwache mama yako."

Mwandishi ameandika maisha ya watu wengi, na hakumbuki kama aliwahi kuogopa hivi ndani ya chumba kidogo mchana kweupe. Mama mzee anavuta pumzi. Anasogea mbele kidogo, anashika ncha kabisa za mikono ya kiti, zile zilizotokeza. Ule mkono uliopona kombo umekunja uso wake wote kwa maumivu. Miguu nyuma. Pua mbele.

Akasimama.

Peke yake. Nje ya mlango, mkwe alikuwa amesahau heshima na alikuwa anachungulia, mdomo wazi. Mama Futi alipanua mikono, machozi yakimtiririka hadi kwenye futi yake, akingoja mama yake aje amkumbatie.

Mama mzee alichukua mkongojo wake, akaja kwake hatua kwa hatua, akafika usawa wake.

"Tokeni," alisema.

Tulidhani hatukusikia vizuri.

"Tokeni nje, nyote. Na wewe mwanangu. Mwalimu, asante, nawe toka."

Tukatoka, tumepigwa na butwaa, tukigongana mlangoni kama mbuzi. Tukasikia mkongojo ukilisukuma tofali. Kisha mlango ukaanza kuja. Ulikuwa umevimba kwa kutofungwa, ukakwama katikati, ukakwaruza sakafu. Tukasikia mama mzee akiusukuma kwa bega, akiguna, mpaka ukafunga.

Mama Futi hakuweza kuvumilia, akabisha. "Mama? Mama, uko salama?"

"Niko peke yangu," ilijibu sauti kutoka ndani.

Mama Futi alibaki ameegemeza paji la uso kwenye ule mlango. Mumewe alimshika bega. Msasa alitoa ile karatasi yake, akajifanya kuikagua.

Mwandishi aliuliza swali la kazi: baada ya hapa una mpango gani? Mama Futi ana mipango mingi. Anataka kutengeneza kiti cha namna hii kwa ajili ya chooni. Anataka kufungua karakana yake uani, na majirani wawili wenye wazazi wasioinuka wameshamwomba akawapime. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza haya huku akijifuta uso, sauti ya ndani ikamkatiza.

"Wewe, mwanangu! Huu mlango unakwama."

"Ndiyo, mama."

"Kesho njoo na randa. Nataka ufunge vizuri."

"Nitakuja nayo, mama," alisema Mama Futi. Akavua futi shingoni, akaanza kuupima.